DIPY kwenye laptop ya Ngamiani: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mimi ni mtu wa mionzi, kazini napiga eksirei. DIPY nimekaa nayo miezi mitatu, usiku usiku, nyumbani Barabara ya Kumi na Mbili. Ni programu ya bure ya Python. Unaipa picha za MRI za difyusheni, zile zinazofuatilia maji yanavyojisogeza ndani ya tishu, nayo inakutolea namba.

Kuisakinisha hakuna taabu. Taabu ni bando. Data za mfano kutoka Stanford, picha 160 za kichwa kimoja, zilinikatikia mara mbili umeme ulipokwenda. Nikazishusha alfajiri.

Ila nilianza na kichwa changu mwenyewe, maana niliwahi kupimwa MRI kwa kipandauso na CD ninayo. Nikakwama mlangoni. Modeli ya tensa, hesabu ya maji yanasogea kiasi gani kwa kila upande, ile ya Peter Basser na wenzake ya mwaka 1994, inataka maji yapimwe kwa mielekeo isiyopungua 6, pamoja na picha ya b sifuri (b ni nguvu ya kipimo cha difyusheni; sifuri maana yake hakijawashwa). Mimi nilipimwa kwa 3, tena zimeshachanganywa ikabaki picha moja. Kwa kutafuta kiharusi inatosha, kwa tensa haitoshi. Basi nikachukua kikokotoo. Sehemu moja ya ubongo mng'ao ulikuwa 900 kwa b sifuri, 400 kwa b 1000: gawanya, tafuta logi asilia, gawa kwa 1000, unapata 0.00081 mm² kwa sekunde. Kwenye chumba cha maji ya ubongo, 1800 ikashuka hadi 90, jibu 0.0030, na hiyo ndiyo kasi ya maji huru kwenye joto la mwili. Nilicheka peke yangu, mume wangu akadhani nimetumiwa pesa.

Data za Stanford ndizo zilizonionyesha utamu wa programu yenyewe. Mzee wangu alikata mkonge Muheza, kwa hiyo FA, namba inayosema maji yanafuata mwelekeo mmoja kiasi gani, niliielewa upesi: maji hufuata singa, kukatiza ni shida. Singa zikilala pamoja FA inasogea kwenye 1; maji yakienda kokote, inakaribia 0. Lile daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo liling'aa kwenye ramani kama bati jipya.

Sasa lawama. Mafungu mawili ya nyuzi yakipishana ndani ya vokseli moja, yaani kijisanduku kimoja cha picha, FA inaporomoka hata kama tishu ni nzima kabisa, na DIPY inakuandikia namba hiyo bila hata kukohoa. Asiyejua ataona ugonjwa. Dawa imo humo humo, modeli nyingine inayotenganisha mafungu, lakini inataka mielekeo mingi. Stanford wana 150, ikakubali, nikaona maumbo yanayoelekea njia mbili pale tensa ilipoonyesha kitu kama chungwa.

Halafu msije mkaomba idadi ya aksoni, zile nyuzi za seli za neva. Modeli za kukadiria kitu hicho zinataka b zaidi ya moja juu ya sifuri, na hata hapo jibu ni makadirio yanayoegemea dhana za aliyeitunga.

Maelekezo ni ya Kiingereza kitupu, ila mifano yake inafanya kazi ukiinakili ilivyo. Laptop yangu ina RAM ya GB 8, na ubongo mzima uliifanya ipige kelele kama feni ya daladala. Kata vipande vichache vya katikati kwanza.