Kigunduzi cha metali: cha masafa ya chini (VLF) au cha mapigo (PI)?

Kwa mchanga wa Entebbe, chukua cha masafa ya chini. Ziwa Victoria ni maji baridi, hakuna chumvi ya kukivuruga, nacho hutofautisha msumari na sarafu. Ila usizime sauti za alumini, hata vizibo vya makopo vikikuchosha: pete nyembamba ya dhahabu hulia vilevile.

Bara, kwenye udongo mwekundu wenye chuma, hicho hicho hupiga kelele ovyo. Kisawazishe kwanza: tafuta mahali pasipo metali, inua na kushusha koili (sahani ya chini inayonusa metali) kati ya sentimita 5 na 30 hadi mlio utulie. Mlio usipotulia, hapo ndipo uchukue cha mapigo. Husikia chini zaidi, lakini ni ghali, na misumari utaichimba yote.