"Rosetta" ya Vangelis: Safari ya Nyota Yenye Mkia kwa Vinanda Vitupu

Vangelis, mtunzi wa Ugiriki aliyefariki mwaka 2022, aliitoa albamu ya "Rosetta" tarehe 23 Septemba 2016, wiki moja tu kabla chombo kilichoipa jina hakijateremshwa juu ya nyota yenye mkia ya 67P na kumaliza kazi yake. Chombo hicho cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya kilirushwa mwezi Machi 2004 na kilisafiri miaka 10 kabla ya kuifikia nyota hiyo, na vipande 13 vya albamu vinaifuata safari hiyo. Ndiyo maana nasisitiza visikilizwe kwa mpangilio wake; anayechomoa kipande kimoja na kukichanganya na muziki mwingine kwenye simu atapata burudani nzuri, lakini safari yenyewe itamponyoka.

Hakuna mwimbaji. Kwetu sisi wa mwambao, wa Mtwara na Mikindani, tuliokulia kwenye taarab, hilo halipaswi kutisha, kwa kuwa tumezoea kuziachia ala zizungumze kitambo kabla sauti ya mtu haijaingia. Hapa sauti hiyo haiingii, na kazi yote ya kubeba hisia imeachiwa vinanda vya umeme, ambavyo mara vinajifanya fidla, mara kwaya.

Kilichonishika zaidi ni "Philae's Descent", kinachohusu chombo kidogo cha Philae kilichoachiwa tarehe 12 Novemba 2014 kishuke kwenye uso wa nyota hiyo, zaidi ya kilomita milioni 500 kutoka duniani. Mapigo mafupi ya kinanda yanajirudia bila kupumzika, juu yake sauti nzito zinazidi kujazana, na msikilizaji anajikuta amebana pumzi. Hata hivyo, naona mtunzi aliacha jambo kubwa. Mishale ya kukinasa chombo hicho ardhini haikufyatuka, kikadunda zaidi ya mara moja na kuishia kivulini, mahali ambapo mwanga wa jua haukutosha kuchaji betri zake. Albamu inauruka mkasa huo wote na kuingia moja kwa moja kwenye shangwe ya "Mission Accomplie", muziki wa mapigo matatu, mtamu na unaochezeka kabisa, lakini uliokuja mapema mno kwa yeyote anayekijua kisa.

Vipande vya polepole vya katikati vinafanana kupita kiasi, hasa kwa mwangwi ule ule uliomwagwa kila mahali. "Elegy", yaani maombolezo, ndiyo inayoirudishia albamu uzito wake. Ilipotoka, Rosetta ilikuwa bado inatuma picha na vipimo, kwa hiyo maombolezo yalitangulia msiba, na kila nikiisikiliza naona Vangelis alikipenda kweli chombo kile.

Spika ya simu haifai kwa muziki huu, kwani besi yote inapotea. Kwenye redio ya spika mbili, hapa Shangani, usiku na feni imezimwa, nilisikia chini ya "Infinitude" mvumo ambao kwenye simu haupo kabisa. Vijana wanaotengeneza midundo katika studio ndogo za mjini kwetu waisikilize hivyo, na wazingatie ni muda gani Vangelis anathubutu kukaa bila kuongeza chochote.