Sauti za Kiindonesia kwenye filamu ya katuni: uzoefu wangu na studio moja ya Jakarta

Filamu ilikuwa ya Kiingereza, dakika 74, wahusika 11. Kwa uigizaji, studio hii naipa alama zote: mtoto anasikika mtoto, bibi anasikika bibi, vicheko havikulazimishwa. Kasoro ilikuwa kwenye tafsiri, na hapo ndipo mteja wa sulih suara, kama Waindonesia wanavyoiita kazi hii ya kuingiza sauti za lugha nyingine kwenye filamu, akaze macho kabla mwigizaji hajasogelea maikrofoni.

Kubwa ni namna ya kuitana. Kiingereza kina neno moja la kumsemesha yeyote. Kiindonesia kina kamu, kau, Anda, na lo ya vijana wa Jakarta, lakini mjukuu mwenye adabu hamwambii bibi yake hata moja kati ya hayo. Humtaja kwa jina la udugu: "Nenek mau ke mana?", yaani "Bibi anataka kwenda wapi?", na anayeulizwa ni bibi huyo huyo. Rasimu ya kwanza ilijaa kamu. Kwa mtazamaji wa kule ni kama mtoto kumpita mzee bila shikamoo. Kuweka Anda hakuponyi, maana ni neno la matangazo na barua za benki. Nyumbani linasikika baridi. Dai kwanza jedwali la nani anamwitaje nani, liidhinishe, ndipo watafsiri waanze.

Kisha midomo. "Aku mencintaimu" (nakupenda) ina silabi 7, ilhali Kiingereza, "I love you", kinamaliza kwa 3, na katuni imeshafunga mdomo. "Terima kasih" (asante) ina 5 dhidi ya 2 za "thank you". Ukifupisha kuwa "Makasih" unapata 3, ila neno linaanza na m, midomo ikiwa imefungana, wakati kwenye picha iko wazi. Linafaa mhusika akiwa mbali au amegeuka. Kwenye picha ya karibu, kila p, b na m ya asili itafutiwe p, b au m mahali pale pale. Studio ilizingatia hili kwenye mazungumzo, ikalegea kwenye nyimbo.

Pumzi husahaulika sana. Mkanda wa sauti unaokuja na muziki na milio ya mazingira pekee kwa kawaida hauna mihemo, vilio wala miguno ya wahusika, kwa kuwa hiyo nayo hutoka kwa waigizaji. Isiporekodiwa upya, mhusika anakimbia kimya kama mzimu. Iandike kwenye mkataba, pamoja na makelele ya umati.

Kama filamu inakwenda televisheni, ulizia kituo mapema: sheria ya utangazaji ya Indonesia ya mwaka 2002 inaruhusu kuingiza sauti kwenye asilimia 30 tu, kwa kiwango cha juu, ya vipindi vya lugha za kigeni. Vinavyobaki huenda na manukuu.

Mwisho, kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Picha yetu ilikuwa ya 23.976 kwa sekunde, wao wakafungua kazi kwa 24. Dakika ya kwanza tofauti ni fremu moja na nusu hivi, jicho halioni. Mwisho wa filamu sauti na picha zimeachana kwa zaidi ya sekunde 4. Ukiomba kipande cha kukagua, omba cha dakika ya 70.