CrewLounge PILOTLOG mbele ya jopo la usaili: tathmini ya rubani wa Uganda

Rubani anayetafuta kazi Entebbe au Kajjansi huulizwa kwanza saa zake, tena huulizwa kwa mafungu: saa alizokuwa kamanda wa ndege, saa za usiku, saa za kuruka kwa kutegemea ala za ndege badala ya kutazama nje, na alizoruka katika siku 90 zilizopita. Daftari la karatasi analoandikia safari zake lina majibu yote hayo, ila limeyatawanya kurasa kwa kurasa. CrewLounge PILOTLOG, programu ya kuandikia safari za rubani ambayo marubani wengi waliizoea kwa jina la mccPILOTLOG, huyakusanya papo hapo, na kwa sababu hiyo naipendekeza kwa kila kijana anayehitimu chuo cha urubani cha Soroti.

Inafanya kazi kwenye simu za Android na kompyuta za Windows. Jambo hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa LogTen, mshindani wake anayesifiwa sana, hutumika kwenye vifaa vya Apple pekee, na vifaa hivyo ni ghali kwa rubani ambaye bado hajapata mshahara wake wa kwanza.

Kinachonifurahisha zaidi ni hesabu ya saa za usiku. Ukiandika kwamba uliondoka HUEN (msimbo wa uwanja wa Entebbe) na kutua HUGU (Gulu), pamoja na nyakati kwa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa ya Uganda kwa saa tatu, programu hutambua viwanja vilipo, hukokotoa machweo na kujaza yenyewe sehemu ya safari iliyofanyika gizani. Entebbe iko karibu kabisa na Ikweta, hivyo usiku huingia upesi, takriban saa 16:00 UTC mwaka mzima, na anayeandika kwa mkono akiwa amechoka hupunja au huzidisha dakika hizo kwa urahisi. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha leseni ya juu ya urubani ni saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku. Dakika hizo basi si za kupuuzwa.

Hata hivyo, usiende kwenye usaili na simu peke yake. Katika usaili mmoja niliohudhuria, jopo liliupokea vizuri muhtasari wangu uliochapwa, kisha likaomba daftari la karatasi, na naona lilikuwa na haki. Mstari wa programu unaweza kuandikwa na yeyote, ilhali sahihi ya mkufunzi na muhuri wa mtahini viko kwenye karatasi. Wasaili huchagua ukurasa wowote na kuulinganisha na chapa yako, na jumla zisipolingana, maelezo marefu hayakusaidii. Chanzo cha tofauti mara nyingi ni desimali: safari iliyosomwa 1.3 kwenye mita ya ndege ni saa 1 na dakika 18, wala si saa 1 na dakika 30. Shika mfumo mmoja tangu safari ya kwanza, chapa kurasa zote, na utie sahihi kila ukurasa.

Mwenye saa 200 na ahamishe kila safari, moja baada ya nyingine. Mwenye saa elfu kadhaa anaweza kuingiza jumla ya zamani kwa kila aina ya ndege, mradi miezi 12 ya mwisho iwe imeandikwa kwa ukamilifu, kwa kuwa huko ndiko maswali mengi ya jopo huelekea.