Skyrim: Mchezo Unaomlipa Anayekubali Kutembea kwa Miguu

Katika vibanda vya gemu vya hapa Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Magomeni, mchezo unaotawala ni wa mpira wa miguu, na sababu yake inaeleweka: mechi huisha haraka, anayefungwa humpisha mwenzake, na mwenye kibanda hupata fedha yake. The Elder Scrolls V: Skyrim hauwezi kuishi katika utaratibu huo. Ni mchezo wa mtu mmoja, unahitaji jioni ndefu, na haukubali kuharakishwa. Ulitengenezwa na Bethesda Game Studios ya Maryland, Marekani, chini ya uongozi wa Todd Howard, ukatoka tarehe 11 Novemba 2011, na mwaka 2023 Howard alisema nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Toleo ninalolitathmini hapa ni lile lililoboreshwa la mwaka 2016, ambalo nimelicheza nyumbani kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ninauona kuwa miongoni mwa michezo bora ya ulimwengu wazi iliyowahi kutengenezwa, lakini ubora huo hauonekani kwa mchezaji anayefuata alama za ramani mbiombio.

Hadithi yake huanza ukiwa mfungwa uliyefungwa mikono, unapelekwa kwa mkokoteni kwenye mji mdogo wa Helgen ili ukatwe kichwa. Kabla shoka halijashuka, joka jeusi liitwalo Alduin linatua juu ya mnara, mji unateketea, nawe unatoroka na mmoja kati ya watu wawili, askari wa Dola au mpiganaji wa waasi. Kuanzia hapo nchi nzima ya Skyrim iko wazi: mikoa tisa ya theluji, misitu ya misonobari, chemchemi za maji moto na milima inayopanda hadi mawinguni. Hakuna anayekushika mkono. Unachagua jamii moja kati ya kumi, wakiwamo watu wenye umbo la paka na wengine wenye umbo la mijusi, kisha unakwenda upande wowote uutakao.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo wachezaji wengi wanapojinyima. Mchezo una njia ya mkato: ukishafika mahali mara moja, unaweza kufungua ramani, kubonyeza alama yake na kujikuta huko papo hapo. Njia hiyo inaokoa muda, lakini inakata mishipa ya mchezo. Watengenezaji wameipanga nchi hii kwa jicho la mtu anayetembea. Ukiwa katika uwanda wa Whiterun unaona upande mmoja ngome ya mji ikiwa juu ya kilima na upande mwingine magofu ya mawe yaliyoning'inia kwenye ubavu wa mlima, na kila unachokiona kwa mbali unaweza kukifikia kwa miguu. Njiani utakuta kambi ya wawindaji, shajara iliyo kando ya mifupa ya mwenye nayo, mfanyabiashara aliyeporwa, au pango ambalo hakuna mtu aliyekutuma kuliingia. Saa moja ya mchezo ni sawa na dakika tatu za kwetu, kwa hiyo safari moja ya miguu hukupitisha katika adhuhuri, machweo na usiku ambao anga lake hujaa mianga ya rangi ya kaskazini. Ninawashauri wanaoanza waiache kabisa njia ya mkato, na wakichoka watumie mikokoteni ya kukodi inayosimama nje ya malango ya miji mikubwa. Mikokoteni hiyo inatosha kwa safari ndefu, nayo haikuondolei hisia ya kwamba mahali pana umbali.

Mfano mzuri ni Winterhold, kaskazini mashariki. Anayefika kwa kuruka kwenye ramani ataona nyumba chache na chuo cha wachawi kilichosimama peke yake juu ya mwamba, na atadhani watengenezaji walichoka. Anayefika kwa miguu, akiwa amepita njia ya barafu na kusikiliza wenyeji, atajua kwamba huu ulikuwa mji mkubwa hadi bahari ilipoumeza sehemu yake kubwa yapata miaka 80 kabla ya hadithi kuanza, na kwamba waliobaki wanawashuku wachawi hadi leo. Msomaji aliyewahi kupita katikati ya kuta za mawe ya matumbawe pale Mikindani, bandari iliyokuwa na shughuli nyingi kabla ya bandari ya kina kirefu ya Mtwara kujengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ataielewa hali hiyo upesi kuliko wengi. Mji uliopungua huacha kimya cha namna yake, na mchezo huu unakijua kimya hicho.

Sanaa hiyohiyo ya kumwamini mchezaji imo katika mapango na makaburi. Kaburi la kwanza ambalo wengi huliingia, Bleak Falls Barrow, lina mlango wa mawe wenye duara tatu za picha za wanyama, na ufunguo wake ni ukucha wa dhahabu ulioibwa dukani katika kijiji cha Riverwood. Hakuna maandishi yanayokuambia duara zipangwe vipi. Jibu liko kwenye ukucha wenyewe, ambao unaweza kuugeuza mkononi na kuuchunguza kama kitu halisi. Ni jambo dogo, lakini linakufundisha mapema kwamba vitu katika nchi hii vina maana na si mapambo. Nyuma ya mlango huo kuna ukuta ulioandikwa kwa hati ya majoka, na hapo mhusika wako hujifunza neno lake la kwanza la Sauti, ile nguvu ya kutamka maneno yanayosukuma maadui, kuwasha moto au kutuliza dhoruba. Kila Sauti ina maneno matatu, na maneno hayo yametawanywa nchi nzima ili uyatafute.

Ukuaji wa mhusika nao umefikiriwa vizuri. Stadi zipo 18, na kila moja hukua kwa kutumika. Anayepigana kwa upinde anakuwa mpiga upinde, anayefua chuma anakuwa mhunzi, na anayenyata gizani anakuwa mwizi hodari. Nilivutiwa zaidi na utengenezaji wa dawa. Kila ua, uyoga, bawa la kipepeo au yai la ndege lina sifa nne zilizofichika. Sifa ya kwanza unaijua kwa kukila, na zilizobaki unazijua kwa kuvichanganya vitu viwili au vitatu na kuona kama vinakubaliana. Ua la buluu la milimani na ngano, kwa mfano, hutoa dawa ya kurudisha afya, nayo mimea hiyo miwili hupatikana kwa wingi karibu na Whiterun. Mchezaji anayeokota njiani hana haja ya kununua dawa yoyote, jambo ambalo ni hoja nyingine ya kutembea.

Kuhusu vita ya wenyewe kwa wenyewe inayoendelea nchini humo, mchezo unastahili sifa kubwa kuliko unayopewa. Ulfric Stormcloak amemuua mfalme mkuu na anataka Skyrim ijitoe katika Dola, ambayo ilikubali mkataba wa amani unaopiga marufuku ibada ya Talos, mungu anayependwa na watu wa huko. Madai yake yana uzito. Lakini ukifika Windhelm, mji wake, unawakuta wakimbizi wenye ngozi ya kijivu waliokimbia mlipuko wa volkano katika nchi yao wakiishi katika mtaa duni na kutukanwa usiku barabarani, naye hajafanya lolote la maana kwa ajili yao. Kwetu kusini, ambako familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mto Ruvuma na zinakumbuka watu waliovuka kukimbia vita ya Msumbiji, tukio hilo haliwezi kuonekana kuwa jambo la pembeni. Mchezo haukuambii upande upi una haki. Unakuonesha mitaa, unakuachia uamuzi.

Kasoro zipo, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba dunia hii, iliyo hai sana kwa macho, ni hafifu katika kukumbuka. Unaweza kuwa mkuu wa Chuo cha Winterhold huku ukijua uchawi mchache mno, na maisha ya chuo yakaendelea kana kwamba hukuteuliwa. Alduin anatishia kuimaliza dunia, lakini atakusubiri muda wote utakaopenda kukata kuni na kujenga nyumba, na hata majoka ya kawaida hayaanzi kuonekana nyikani hadi umefika hatua fulani ya hadithi kuu. Wahusika ni wengi lakini waigizaji wa sauti ni wachache, hivyo utamsikia mtu yuleyule katika vijiji tofauti akirudia sentensi zilezile. Upiganaji wa panga ni mzito na hauna ustadi mwingi, na kwa kuwa maadui wengi huongezeka nguvu kadiri unavyokua, kuna kipindi ambapo kupanda levo hakukupi nafuu yoyote. Hitilafu za kiufundi nazo hazijaisha hata baada ya miaka yote hii, kwani kuna misheni zinazokwama na wahusika wanaoganda katikati ya mazungumzo.

Jambo linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja ni lugha. Mchezo hauna Kiswahili, na mazungumzo yake ni mengi. Unaweza kuwasha maandishi ya chini ya picha, na asiyesikia vizuri Kiingereza cha kusemwa haraka atapata nafuu kubwa kwa kusoma, lakini asiyesoma Kiingereza kabisa atakosa nusu ya mali iliyomo, hasa vitabu vifupi vilivyotapakaa katika kila nyumba. Muziki wa Jeremy Soule hauhitaji tafsiri. Ni wa polepole na wa upana, na ni busara kuusikiliza kwa spika za masikioni unapotembea mchana wa theluji.

Kwa upande wa vifaa, toleo la 2016 linahitaji Windows ya biti 64, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12 kwenye diski, pamoja na kadi ya picha ya kiasi. Mtu wa Mtwara anapaswa kupiga hesabu ya bando kabla ya kununua, kwa sababu kupakua GB 12 ni gharama ya pili juu ya bei ya mchezo. Kama kuna rafiki mwenye mchezo huo na wewe umenunua nakala yako halali, unaweza kunakili mafaili kwa diski ya nje na kuiacha programu ya Steam, duka la michezo la mtandaoni, iyahakiki badala ya kupakua yote upya. Ukishausimika hauhitaji intaneti ili kuucheza. Katika miezi ya joto kali kabla ya mvua, punguza ubora wa vivuli katika mipangilio, kwani ndivyo vinavyoichosha mashine na kuipandisha joto, na iinue kompyuta ipate hewa chini. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila unapoingia mahali papya, unapolala au unaposafiri, lakini katika safari ndefu ya nyikani hakuna mlango unaopita, kwa hiyo jizoeze kubonyeza F5 mara kwa mara ili kuhifadhi ulipofika, hasa ikiwa betri yako haishiki chaji na umeme una tabia ya kukatika.

Wazazi wajue kwamba mchezo huu si wa watoto. Huko Marekani umewekewa kiwango cha miaka 17 na zaidi, na Ulaya miaka 18, kutokana na damu, mauaji ya kukodiwa na misheni zinazogusa hata ulaji wa nyama za watu. Kwa mtu mzima anayefikiria kuununua, ningesema anunue toleo la 2016, ambalo limekusanya nyongeza zote tatu rasmi, Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn, bila malipo ya ziada. Toleo la maadhimisho la mwaka 2021 limeongeza silaha na mambo mengine madogo, lakini halibadilishi kiini cha mchezo, na tofauti ya bei ni afadhali iende kwenye bando la kupakulia.