Ipogolo hadi Iringa mjini: daladala au baiskeli?

Daladala inakula nauli mbili kwa siku. Zidisha kwa siku 26 za kazi ndipo uone inachomega kwenye mshahara. Ukiunganisha magari mawili, hesabu inakuwa maradufu. Lakini mvua zikianza Novemba, panda daladala tu.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, tunashauri baiskeli bila kusita. Kinachoamua ni kile kilima: Ipogolo iko bondeni kando ya Ruaha Mdogo, mji uko juu. Asubuhi unapanda ukiwa na nguvu, jioni unateremka. Isiyo na gia utaisukuma, kwa hiyo tafuta yenye gia, ile kubwa ya nyuma iwe na meno 28 au zaidi.

Hatari iko kwenye kuteremka. Usibane breki mfululizo: rimu inapata moto, vipira vya breki vinalika upesi. Bana, achia, bana tena, breki zote mbili. Kagua vipira kila Jumapili; mifereji yake ikifutika, badilisha siku hiyohiyo. Ukichelewa, chuma kitakwaruza rimu, na bei ya rimu inameza akiba yote ya nauli.