HELB ama bursari ya CDF kwa anayesoma sheria?
Ukiitwa kusoma sheria Kenya na nyumbani hakuna kitu, usingoje. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hukupa mkopo, riba 4% kwa mwaka, unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, lakini ukipata walau una uhakika kidogo wa karo na chakula, na digrii yenyewe ni miaka 4 jamani. Bursari ya CDF, yaani pesa za mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, hurudishi hata shilingi, ila mara nyingi ni kidogo na cheki inaandikiwa chuo, halafu kuna kuzungushwa, mimi fomu yangu ilirudishwa sababu mhuri wa chifu haukusomeka! Jaza zote, HELB kwanza, bado Kenya School of Law, unakosomea uwakili baada ya digrii, inakungoja na karo yake.